Futi Ngapi Leo, Mtani?

Siku ya kuniaga, wadogo zangu wa kitengo cha tiba shufaa, mlinipa kitenge, keki na kazi. Kitenge nimeshashona. Keki wajukuu waliimaliza kabla sijavua viatu. Imebaki kazi: mliniomba niandike yale ambayo hayamo kwenye mwongozo. Habari za vyeo na kupanda daraja mtazikuta kwenye faili langu, kama mchwa hawajawatangulia. Mimi nitawaeleza makosa yangu machache, na habari za mgonjwa mmoja aliyenifundisha kupima maumivu kwa futi.

Mnanijua kama Mama Zubeda, lakini wengi wenu hamjui nilivyofika huku. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Mama yangu alikuwa akisema mtoto huyu akifa ataanza kumhoji malaika kabla malaika hajamhoji yeye. Nilipangiwa Shinyanga nikiwa binti, sijui neno moja la Kisukuma, na nikashangaa kuona watu wakisikia kabila langu wanachangamka kana kwamba nimeleta posa. "Aa, mtani wetu huyu!" Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za babu zetu. Mtani anaweza kukuvua kofia barabarani, kukuita mvivu mbele ya wakwe zako, hata kuja msibani kwako akaigiza mwendo wa marehemu, nawe huruhusiwi kununa. Wakati ule niliona ni kelele tu za watu wenye nafasi.

Nilikaa wodini miaka mingi kabla ya tiba shufaa, hii kazi yetu ya kuwapunguzia maumivu wasiopona, kufika kwetu. Ilipofika, niliteuliwa kwenda mafunzo kwa sababu mwenzangu aliyeteuliwa alijifungua mapema. Nilirudi na mkoba wa turubai, daftari, sirinji za kupimia dawa, maelekezo ya mofini ya maji, na karatasi moja yenye sura sita. Ile karatasi mnaijua: sura ya kwanza inacheka, ya mwisho inatokwa machozi, mgonjwa aonyeshe ile inayofanana na maumivu yake. Bibi wa kwanza niliyempelekea aliitazama kwa muda, akaweka kidole kwenye sura ya mwisho, akaniuliza, "Huyu amefiwa na nani?" Nikamwambia hajafiwa, anaumwa. Bibi akaipa ile sura pole, akanirudishia karatasi yangu. Nikaandika kwenye daftari, "Elimu zaidi inahitajika." Sikuandika ni nani anayeihitaji.

Kosa langu kubwa la kwanza lilitokea kijijini, mwendo wa saa moja kutoka mjini, kwa mama mmoja mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Nitamwita Mama Sayi. Kila nikifika tulisalimiana vizuri. Nilikuwa nimeshajifunza: asubuhi unasema "mwangaluka", mchana "mwadila", unauliza habari, unajibiwa "mhola", yaani ni shwari. Nikauliza habari za nyumbani, mhola. Za watoto, mhola. Za maumivu, mhola. Nikaandika sifuri. Safari ya pili sifuri. Safari ya tatu sifuri, nami nikaanza kujisifu kimoyomoyo kwamba dozi yangu imemkaa vizuri.

Dereva wetu wakati huo alikuwa Mzee Kashinje, Msukuma wa Maswa, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku hiyo ya tatu tulipoondoka aliendesha hadi tukapita kisima, ndipo akasema, "Nesi, yule mama hajalala wiki nzima."

"Amekwambia wewe?"

"Hajaniambia. Ametusalimia ameshika nguzo. Hakupiga goti. Mwanamke wa umri ule wa huku kwetu akikusalimu bila kupiga goti, ujue goti halikunjiki."

"Mbona nimemuuliza maumivu akasema mhola?"

Akacheka hadi miwani ikateleza. "Umemuuliza ndani ya salamu! Ndani ya salamu kila kitu ni mhola, Nesi. Hata mtu aliyeleta habari ya msiba anaanza na mhola. Salamu zikiisha, mgeni akakaa, akapewa maji, hapo ndipo anaulizwa: haya, habari. Wewe unauliza na kufunga daftari, unaondoka wakati mazungumzo hayajaanza."

Nilimwomba ageuze gari. Tukarudi, nikakaa kwenye kigoda, nikanywa maji, nikala na michembe niliyopewa, viazi vile vilivyokaushwa hadi vikawa vigumu kama kokoto. Kisha nikasema, "Haya, Mama Sayi, habari." Akalia. Alisema usiku anauma upindo wa khanga ili watoto wasimsikie. Niliona aibu ambayo hadi leo sijaimaliza. Wiki tatu mwanamke yule aliteseka huku dawa imo mkobani mwangu, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kujaza safu ya daftari. Tuliongeza dozi siku ileile, na nilipoenda tena alinipokea kwa goti, taratibu, akinitazama kuona kama nimeona. Nilimpigia makofi.

Tangu hapo kanuni yangu ikawa salamu kwanza, kukaa, maji, halafu habari. Mkiona dada au kaka mgeni anauliza maumivu akiwa bado mlangoni, mrudisheni kwenye gari.

Nikaanza pia kudadisi kila mtu anatumia kipimo gani. Sifuri mpaka kumi ni namba za shule, na wengi wa wagonjwa wetu shule waliipita kwa nje. Kuli mmoja wa Isaka, aliyebeba mizigo ya mabehewa na malori maisha yake yote, alinipimia kwa magunia: "Leo gunia moja la mchele, jana yalikuwa mawili ya saruji." Nikamuuliza kama saruji huja kwa magunia. Akanisikitikia, akasema ndiyo maana hayabebeki. Nilimwelewa kuliko nilivyowahi kuielewa karatasi ya sura sita.

Miaka yangu ya mwisho nilihamia upande wa Geita. Mzee Kashinje alikuwa ameshastaafu, anafuga kuku Maswa na kunipigia simu kuniuliza kama bado nafunga daftari mapema. Huku wagonjwa walikuwa wa namna nyingine: wanaume waliovuta vumbi la mwamba miaka na miaka, kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na kwenye makarasha ya kusagia mawe. Mmoja wao alikuwa Mzee Shija.

Alikuwa na saratani ya mapafu iliyoshuka hadi kwenye mifupa ya mgongo. Aliishi kwa binti yake, Hollo, mwanamke mwenye mkono mtulivu ambaye alijifunza sirinji siku moja tu. Mdogo wake Mzee Shija, Petro, mzee wa kanisa, alinisubiri njiani siku ya kwanza kabla sijafika mlangoni.

"Shikamoo, kaka," nikamwamkia.

"Marahaba. Nesi, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini jambo moja. Kaka asiambiwe. Akiambiwa atakufa kabla ya siku zake. Sisi tumemwambia ni vumbi, litatoka."

Methali ile katika kazi yetu ni ngumu kuipokea. Nilimwambia sitamlazimisha mgonjwa kusikia asichotaka, ila akiniuliza sitamdanganya. Petro akasema, "Hatakuuliza." Alisema kama mtu aliyefunga mlango na kuondoka na ufunguo.

Mzee Shija alinisikia naongea, akajua nilikotoka. "Mzaramo! Kumbe kwenu kuna watu wanaofanya kazi? Nimesikia mnacheza ngoma mpaka mihogo inawaozea shambani." Nikamjibu kwamba afadhali muhogo uoze kuliko kula michembe na kuvunja meno aliyopewa na Mungu bure. Akacheka, akakohoa, akanikaribisha. Tukamaliza salamu, nikakaa, nikanywa maji, nikauliza habari. Halafu nikauliza maumivu.

"Niko futi sabini," akasema.

Mnanijua mimi. Sikuandika kwanza, nikauliza futi za nini. Akanieleza kwa furaha ya fundi aliyeulizwa habari za ufundi wake. Juu kabisa ni mdomo wa duara, kuna jua na watu. Futi ishirini bado unasikia mtu akikuita kwa jina. Futi hamsini unasikia sauti lakini si maneno. Futi sabini kuna joto, na kamba ikivutwa unahesabu pumzi. "Na mwisho?" nikamuuliza. "Mwisho ni mia na ishirini," akasema, na hapo akageukia ukutani.

Nilichora duara kwenye daftari, na mstari kila futi kumi. Kipimo hicho kilitufaa kuliko chochote. Hollo alikuwa akinipigia simu: "Baba leo yuko arobaini," nami najua la kufanya. Dozi kila baada ya saa nne, na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Msiisahau hiyo, mtu akipona mgongo akafungwa tumbo hatawashukuru. Katika wiki mbili tulimpandisha hadi futi ishirini na tano, akawa anakaa nje asubuhi na kuwasema wapita njia.

Lakini ile mia na ishirini ilinikaa kichwani. Siku moja, Hollo akiwa kisimani, nikamuuliza, "Mtani, kule mia na ishirini kuna nini?"

Akatazama njia aliyokwenda Hollo. Kisha akasema, "Kuna Maganga."

Maganga alikuwa mwenzake wa duara. Zaidi ya miaka ishirini nyuma walikuwa wawili chini, ikafika saa ya kupanda. Kamba ilivuta mtu mmoja mmoja. "Zamu ilikuwa yake," Mzee Shija akasema. "Mimi nilikuwa nakohoa sana siku ile. Akanifunga kamba kiunoni, akasema tangulia, utatumaliza na kikohozi chako. Nilipotoa kichwa nje, matimba yakaachia." Matimba ni magogo yanayozuia kuta. Duara lilijifunga lote. Walichimba siku nne, wakashindwa. Lilikuwa duara lisilo na kibali, mwenye duara akakimbia, wachimbaji wakatawanyika kukimbilia rashi nyingine, kule dhahabu mpya ilikosikika, na baadaye watu wakalima pale. Mke wa Maganga, Mama Milembe, hakuonyeshwa mahali. Wote waliopajua walikuwa wameshakufa, isipokuwa Mzee Shija.

"Na huyo Mama Milembe yuko wapi?"

"Anakausha dagaa Nkome. Nilimwambia mwaka ule, shemeji, nitakupeleka. Kila mwaka nikasema mwakani. Nikimpeleka ataniuliza alikufaje, nami itabidi niseme habari ya kamba." Akajifuta uso. "Sasa nimeamua. Petro anasema vumbi hili litatoka. Nikipata nguvu, pamba ikishavunwa, nitakwenda."

Pamba wakati huo ilikuwa haijatoa hata maua. Nilimsikiliza kifua, nikaangalia miguu ilivyovimba, nikajua mavuno yale hatayaona. Na njia ya kwenda kwa Maganga ilikuwa ndani ya kichwa chake tu. Akifa akisubiri kupona, Mama Milembe angebaki na mwakani wake.

Nilimfuata Petro, nikamweleza. Alikataa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anampenda kaka yake hadi anaogopa neno. "Mtu anayemtajia mgonjwa kifo," alisema, "amemroga." Nikarudi na lile jibu nyumbani, nikaligeuza usiku na mchana. Kumwambia kama nesi, nyumba ile isingenifungulia tena mlango, na Hollo ningemwacha na sirinji na nani? Kunyamaza, ningekuwa nimerudia ya Mama Sayi, safari hii kwa makusudi.

Kilichonisaidia ni udadisi wangu wa zamani. Nilimpigia simu Mzee Kashinje nikamuuliza, kwenu ni nani anayeweza kumtajia mgonjwa kifo asiambiwe amemroga? "Nesi," akasema, "miaka yote hii, bado hujajua wewe ni nani kwetu?"

Nikaenda Jumapili, baada ya kanisa, Petro akiwepo. Nilitaka awepo. Salamu, kigoda, maji. Mzee Shija akaanza mwenyewe: "Mzaramo, umekuja kula? Pamba ikiiva nitakuajiri, angalau ujue jembe linashikwa upande gani."

"Utaniajiri ukiwa wapi, mtani?" nikasema. "Pamba hiyo wewe huioni. Mimi ndiye nitakayekuja kuivuna na kuila hela yake, na siku ya kukuzika nitavaa koti lako hilo na kukohoa kama wewe, watu wacheke."

Petro alisimama. Hollo aliangusha kikombe. Mzee Shija alinitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kutazamwa, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Petro, kaa chini. Huyu ni mtani, yeye ndiye mzikaji, lazima ajue siku." Akanigeukia. "Mwezi?"

"Labda. Pengine pungufu."

"Nilijua. Mgongo wangu nauishi mimi." Akamwambia mdogo wake, kwa upole, "Mlikuwa mnaniambia nitapona, ningewaagaje? Kesho nenda Nkome, ukamlete Mama Milembe." Petro alilia pale alipokaa, kaka yake amemshika mkono, na alipomaliza akauliza gari la hospitali linajazwa mafuta wapi.

Tuliondoka siku ya tatu. Niwape ufundi wake, maana mtaulizwa. Dozi ya kawaida asubuhi, dozi ya ziada nusu saa kabla ya kumwinua, godoro nyuma ya gari, mito miwili chini ya magoti, maji, kopo la mkojo, na dereva anayejua kwamba tuta halirukwi. Tulisimama mara tano. Mama Milembe alikaa mbele, mwanamke mwembamba, amevaa kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani.

Pale mahali palikuwa shamba la mihogo. Mwenye shamba alituruhusu, akatufuata kwa mbali. Petro na dereva walimbeba Mzee Shija kwenye kiti, naye akaangalia jiwe moja kubwa upande wa mashariki, lenye ufa katikati, kisha kilima upande wa pili. "Nyuma kidogo. Kulia. Jiwe likifunika ule mti. Bado. Hapo." Wakamshusha. Sikuona tofauti yoyote, mpaka nilipoinama. Ardhi ilikuwa imebonyea kidogo kama sahani, na kati ya mihogo kulikuwa na vipande vya mwamba mweupe ambavyo havikuwa kwingine shambani.

Mama Milembe akavua viatu. Akasogea hadi ukingoni mwa lile bonde dogo, akapiga goti, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyefika nyumbani kwa mtu, "Mwadila, Maganga."

Upepo ulipita kwenye majani. Alikuwa anasubiri. Sote tulijua anasubiri jibu. Ndipo Mzee Shija, kutoka kwenye kiti, akaitikia kwa niaba ya mwenzake, "Mwadila."

Akaulizwa alivyolala. "Mhola." Akaulizwa habari za huko. "Mhola." Mama Milembe aliuliza moja moja, hakuruka kitu, salamu ya miaka ishirini na zaidi, na kila alichouliza Mzee Shija alimjibia Maganga. Machozi yalikuwa yananitoka. Lakini nikaona pia jasho kwenye paji la uso la mzee, vidole vimeng'ang'ania kiti, na nikaangalia saa: dozi ilikuwa imepita muda. Nikachukua sirinji, nikainama sikioni mwake.

"Futi ngapi, mtani?"

Hakunitazama hata kidogo. Aliinua kidole kimoja. "Subiri wewe, Mzaramo. Hatujamaliza kusalimiana."

Mimi, niliyewafundisha ninyi nyote! Nikakaa chini kwenye tuta la mihogo, sirinji mkononi.

Salamu zikaisha. Mama Milembe akakaa ardhini, akanyoosha miguu, akasema, "Haya, shemeji. Habari."

Mzee Shija akavuta pumzi. "Shemeji, siku ile zamu ya kupanda ilikuwa ya Maganga. Mimi nilikuwa nakohoa. Akanipa kamba."

"Najua," akasema Mama Milembe. "Wavuta kamba waliniambia wiki ileile. Nilikuwa nasubiri tu unionyeshe mahali."

Mzee Shija alifunga macho. Mdomo ukamchezacheza, hata Petro akanitazama kwa hofu. Kisha akayafungua, akanigeukia.

"Haya, mtani. Sasa niulize."

"Futi ngapi?"

"Tisini," akasema. "Nipe dawa."

Nikampa.